Jasho Kipajini, Baridi Miguuni

Siku ya kwanza mtoto kutolewa nje, nguo zake zilipangwa kitandani kama za mtu anayekwenda safari ya mbali. Fulana, shati la mikono mirefu, sweta, suruali ya sufu, soksi pea mbili, glavu ndogo zisizo na vidole, kofia ya kufungwa chini ya kidevu, na pembeni shali la kumfunikia. Bibi alizipanga mwenyewe, akazinyoosha kwa kiganja moja baada ya nyingine, kisha akasimama kando ya kitanda akisubiri kupongezwa.

Mama wa mtoto alitazama dirishani. Jua lilikuwa limeshapiga bati la jirani mpaka bati linalia.

"Mama," alisema kwa upole, "tunakwenda kliniki tu. Hapo mbele."

"Najua kliniki iko wapi."

"Kwa joto hili mtoto atachemka."

"Si chai, huyo, hata achemke. Upepo hauna mlango, mwanangu. Unaingilia unyayoni, unatokea kifuani."

Walikwenda na nguo zote. Mama wa mtoto aliona si neno la kugombania. Tangu atoke kujifungua, mama mkwe wake alikuwa amemwogeshea mtoto, amempikia, amembeba alfajiri ili yeye apate kulala. Mtu aliyekufulia nepi za mwanao bila kununa, unamkatalia vipi soksi?

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo wa umbo. Baba yake, fundi rangi, alipopewa amshike kwa mara ya kwanza alimgeuza kwenye mikono yake mipana akasema, "Huyu si mtoto, ni punje." Basi jina la vyeti likabaki kwenye vyeti. Nyumbani na mtaani akawa Punje, na mama yake akawa Mama Punje, na mama huyo alilipenda jina hilo kuliko alivyowahi kulipenda lake mwenyewe.

Bibi alikuwa na sababu zake. Ujana wake wote aliumalizia katika kiwanda cha maziwa, ndani ya chumba cha baridi, akipanga makreti. Alitoka huko na vidole vilivyopinda na kifua kinachokoroma kila hewa ikigeuka. Baridi aliijua kama mtu anavyomjua jirani mbaya: saa yake ya kutoka, njia anayopitia, na namna anavyojifanya hayupo. Alipohamia kwa mwanawe, mimba ya mkwewe ikiwa kubwa, alikuja na begi moja la nguo zake na fuko zima la sufu, akawa anafuma jioni baada ya jioni huku vidole vikimuuma.

Mama Punje naye alikuwa na zake. Alikuwa msusi katika saluni yenye viti vitatu kando ya barabara kuu, chumba chembamba chenye bati juu, mashine mbili za kukaushia nywele zikipuliza hewa ya moto kutwa nzima, na feni moja iliyogeuza shingo kama mtu asiyetaka kuingilia ugomvi. Mimba ikiwa changa alianguka humo, kitana mkononi, akapepewa na wateja mpaka akafumbua macho. Joto lilikuwa limeshamwonyesha linachoweza.

Aliporudi kazini, walikubaliana Bibi awe anamleta mtoto saluni kunyonya, asubuhi na mchana. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Bibi aliingia na furushi. Mama Punje aliosha mikono, akaketi kwenye benchi la wateja, akaanza kummenya mtoto kama kitunguu. Shali, kofia, glavu, sweta, soksi za juu, soksi za chini. Kila kipande alikiweka benchini bila kusema kitu, na kila kipande kilisema.

"Bibi, mtoto mnampeleka milimani?" aliuliza mteja mmoja chini ya mashine.

"Afadhali milimani," alidakia mwingine. "Mimi wangu nilimwacha wazi siku moja tu, siku moja, akakohoa mpaka meno yakaota."

"Wangu alikulia kwenye nepi tu. Sasa hivi ni askari."

Mwenye saluni, mwanamke mnene ambaye kila mtu alimwita Anti, alicheka mpaka akashika kiti. "Mtoto mmoja, madaktari saluni nzima."

Barabarani ilikuwa vivyo hivyo. Bibi akipita naye amefunikwa gubigubi, madereva wa teksi walimwita, "Bibi, mtoto anaiva humo." Mama Punje akipita naye kwa kigauni chepesi, muuza matunda alimwita, "Mama, mfunike mtoto wa watu." Ilionekana kama kila aliyewahi kuzaa, na wengine ambao hawakuwahi, wana sheria yao mfukoni.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo wapita njia hawakuliona, na hawa wawili waliliona.

Punje alipoanza kunyonya, jasho lilimtoka kipajini. Halikuwa jasho la kawaida la mtoto aliyekumbatiwa. Lilikuja matone matone, likateremka mpaka kwenye nyusi. Alinyonya kidogo, akaachia, akahema haraka haraka kama kifaranga kilichoshikwa, akarudi, akaachia tena. Kisha akalala kabla hajashiba.

"Mama, njoo uone," Mama Punje alisema siku moja, saluni ikiwa na wateja wachache. "Mtoto ameloa. Tazama nywele zake. Mnampika huyu."

Bibi hakutazama kichwa. Alishika mguu wa mtoto, akaukamata mkono wa mkwewe, akauweka pale unyayoni. "Na huku? Huku ni joto?"

Mguu ulikuwa wa baridi. Baridi ya kitu kilichotolewa majini.

"Nimemvua sasa hivi ndiyo maana."

"Nami nimemvika asubuhi nzima, na njiani ilikuwa hivyo hivyo. Miguu hii nimeishika mara ngapi."

"Basi jasho linatoka wapi?"

"Ni wewe unayesema ni jasho la joto. Mtu akishikwa na baridi ndani hatoki jasho?"

Wakasimama pale, mmoja ameshika kichwa, mmoja ameshika miguu, kila mmoja na ushahidi wake mkononi, na mtoto katikati amelala na kifua kinachopanda na kushuka upesi mno.

Kliniki walikwenda pamoja, kwa sababu hakuna aliyetaka mwenzake aende peke yake. Chumba cha kupimia kilijaa akina mama mpaka koridoni. Nesi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimning'iniza Punje kwenye mzani akakunja uso.

"Huyu haongezeki. Ananyonya vizuri?"

"Ananyonya, ila anachoka," alisema Mama Punje. "Ni joto. Anavalishwa nguo za..."

"Ni baridi, dada," Bibi alidakia. "Mwili unaopigana na baridi hauwezi kunenepa. Mwulize huko saluni anakovuliwa mbele ya feni."

"Sijamweka mbele ya feni hata siku moja."

"Na benchi lile liko wapi?"

Nesi alikuwa ameshavaa masikioni kile kipimo cha kusikilizia moyo. "Ngojeni," alisema. "Akinyonya, anapumua vipi?"

Lilikuwa swali rahisi. Mmoja wao angelijibu kwa maneno matano. Lakini Mama Punje alikuwa bado anaongea kuhusu benchi, na Bibi kuhusu shali lililoachwa saluni likanuka dawa ya nywele, na sauti zao zilikuwa zimepanda mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Huko koridoni mtoto wa mtu alikuwa akilia kwa nguvu. Nesi akavua kipimo, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka tangu asubuhi.

"Mmenishinda. Mvalisheni nguo moja zaidi ya mliyovaa nyinyi. Moja. Si saba, na si sifuri. Mama, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Asipoongezeka, mrudi. Anayefuata."

Njiani kila mmoja alijiona ameshinda. Bibi alilishika neno "moja zaidi", Mama Punje alilishika neno "si saba".

Jumapili mchana kesi ikafika kwa fundi rangi. Alikuwa amekaa uani akikwangua rangi kwenye kucha, na mpaka siku ile alikuwa akilikwepa jambo lote kwa mzaha. Alikuwa na misemo yake: nyinyi mnagombania nguo kama wauza mitumba; mwacheni Punje achague mwenyewe akikua. Safari hii mkewe alisimama mbele yake na hakucheka.

"Sema leo. Nani anamvalisha mtoto?"

Alimtazama mama yake, aliyekuwa mlangoni na sweta jipya ambalo halijakwisha mikononi. Akamtazama mkewe. "Mama, wewe umefanya kazi yako," alisema mwishowe. "Umenilea mimi, nimekuwa mkubwa. Huyu ana mama yake. Mwache amvalishe anavyotaka."

Alilisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma. Bibi alilikunja sweta na sindano zake ndani. "Sawa," alisema. "Mimi sina mkono tena." Tangu siku ile alimwita mkwewe Mama Punje, hakumwita tena mwanangu.

Mama Punje akaanza kwenda na mtoto kazini, amemvalisha kigauni cha pamba kisicho na mikono na soksi nyepesi. Alimtandikia kwenye kona mbali na feni, ndani ya beseni kubwa lenye godoro dogo. Wateja walimsifu. Anti alisema sasa mtoto anaonekana mtoto, si mzigo wa posta. Kwa siku kadhaa Mama Punje alitembea na kichwa juu, kama mtu aliyeshinda kesi mahakamani.

Kisha akaona jasho.

Hakuna shali, hakuna sufu, asubuhi ya mawingu, mlango uko wazi na hewa inapita. Mtoto alinyonya mara chache, na matone yakamtoka kipajini yakateremka mpaka kwenye nyusi, sawasawa na zamani. Mama Punje aliyatazama. Alijua, kama mtu anavyojua amesahau jiko linawaka, kwamba kama si nguo basi ni kingine. Na papo hapo neno la pili likaja juu ya la kwanza na kulifunika: Bibi akijua, atasema, si nilikwambia haikuwa joto.

Akachukua taulo, akamfuta.

Kesho yake ilikuwa vivyo hivyo, naye akafuta tena. Alijiambia atangoja siku ya kliniki. Alijiambia ni maziwa yake mazito, ni meno yanakuja mapema, ni yeye aliyekuwa akitoka jasho akimlowesha mtoto. Nyumbani alijifunza kunyonyesha akiwa ameelekea ukuta.

Bibi alikaa kimya chumbani mwake. Alipika, alifagia, alifua, na mtoto alimbeba pale tu alipopewa. Mtoto alianza kukohoa kikohozi kidogo kikavu. Bibi alikisikia kupitia ukuta, na hakutoka.

Siku ya kliniki haikuwa imefika, na ilikuwa mchana wa kawaida. Mama Punje alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja, mafungu ya nywele yamebanwa huku na huku, aliposikia kwamba hasikii kitu. Punje alikuwa na mlio mdogo wa kukoroma alipolala, na mlio ule ulikuwa umekatika. Aligeuka. Mtoto alikuwa macho. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu, na ngozi katikati ya mbavu zake ilikuwa ikifyonzwa ndani kila alipovuta pumzi.

Mteja alibaki kitini na nusu ya kichwa. Anti alisimamisha teksi kwa kuingia barabarani kabisa na mikono miwili juu. Dereva alikuwa mmojawapo wa wale waliozoea kumtania Bibi, na safari hii hakusema neno mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimvua Punje kigauni, akaweka kipimo kifuani, akasikiliza. Akasikiliza kwa muda mrefu, akahamisha kipimo mgongoni, akarudi kifuani. Aliita mwenzake naye akasikiliza. Wakampeleka mtoto kwenye mashine ya picha, wakamrudisha na mrija wa hewa puani.

Bibi na fundi rangi walifika karibu pamoja, yeye na matone ya rangi ya kijani mpaka kwenye kope, mama yake na fuko la sufu kifuani. Alikuwa ameleta kila kitu: sweta zote, kofia, blanketi. Akamnyooshea daktari.

"Ni baridi, daktari, sivyo? Ni baridi imemwingia."

"Ni joto?" Mama Punje aliuliza wakati huo huo.

Daktari aliwatazama kwa zamu, kama mtu anayejaribu kuelewa lugha nyingine. "Nguo hazihusiani," alisema. Aliwaketisha. Alisema moyo wa mtoto una tundu kubwa kwenye ukuta wa katikati, tundu alilozaliwa nalo. Damu iliyopaswa kwenda mwilini inarudi kwenye mapafu, na moyo unafanya kazi mara mbili bila kufika. Na sasa mapafu nayo yameshika nimonia juu yake. "Kwetu sisi kula ni kukaa na kupumzika. Kwake kunyonya ni kupanda mlima. Hakutokwa na jasho kipajini akinyonya?"

Mama Punje alitazama mikono yake.

"Na miguu, haikuwa ya baridi wakati wote?"

Fundi rangi aligeuka akamtazama mkewe, kisha mama yake. "Si ndiyo hayo mliyokuwa mnagombania?" alisema.

Mama Punje aliuliza ingekuwaje kama wangemleta mapema. Daktari angeweza kusema uongo, na baadaye Mama Punje alitamani angesema. "Zipo dawa za kuusaidia moyo, mtoto apate uzito, afike kwenye upasuaji," alisema. "Si wote wanaofika. Wengine wanafika."

Punje alilazwa kwenye kitanda cha vioo, uchi, na nepi tu, ili wamwone kifua. Nguo zote walirudishiwa: kigauni cha pamba na fuko la sufu, ndani ya mfuko mmoja wa plastiki. Bibi na mkwewe walikaa kwenye benchi moja, mfuko uko katikati yao. Mtoto alipigana usiku ule na uliofuata. Siku ya tatu, saa wanazopiga deki wodini, nesi alikuja akazima mashine moja, halafu nyingine.

Nyumbani watu walijaa. Huzuni ya mtoto mdogo haina maneno mengi, kwa hiyo watu hutafuta sababu, na mtaa mzima ulikuwa nayo tayari. Chini ya turubai waliokuwa wakisema joto walisema joto, waliokuwa wakisema baridi walisema baridi. Mama Punje aliwasikia kutoka ndani, alipokaa sakafuni amezungukwa na wanawake.

Siku ya pili ya msiba, shangazi wa mumewe, dada yake marehemu baba mkwe, mwanamke aliyezoea kusema lililo moyoni na la jirani pia, alilitoa kwa sauti. "Ni saluni ile. Kitoto kichanga unakiweka uchi kwenye beseni, mlango wazi. Tusidanganyane. Huyu mtoto ameuawa na ushauri wa saluni."

Mama Punje alifumba macho.

"Si hivyo, wifi," Bibi alisema kutoka kona yake.

"Si hivyo vipi? Si wewe uliyekuwa ukilia baridi, baridi?"

"Nililia. Nilikosea. Ilikuwa moyo." Bibi alivitazama vidole vyake vilivyopinda. "Mtoto alipoanza kukohoa niliona midomo yake. Niliiona inapauka, akiwa ameletwa ndani jioni. Niliiona zaidi ya mara moja. Nikanyamaza. Nilisema moyoni, acha waone wenyewe, wamwone akiumwa kidogo, wanirudishe. Hakuna aliyenifunga mdomo. Niliufunga mimi."

Fundi rangi alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja kuomba vikombe. Alisimama na sinia mkononi, na mkewe aliuona uso wake ukibadilika taratibu, kama ukuta unavyobadilika rangi inapokauka.

Hapo ndipo Mama Punje alipotakiwa kusema. Neno lilikuwa limeshafika kooni. *Nami niliona. Nilimfuta jasho nikageukia ukuta.* Wanawake waliokuwa karibu naye walimkumbatia, mmoja akasema, "Pole, mama, umeona sasa," na ile pole ilikuwa na joto, ilikuwa laini, nayo ikamfunika. Akalia. Kila mtu akaelewa kilio kile alivyopenda.

Msiba ulipokwisha, fundi rangi aliongea na mama yake uani kwa maneno machache. Hakupiga kelele. Alisema dada yake ameshaandaa chumba, na itakuwa afadhali kwa wote. Bibi hakubisha. Alifunga begi lake lile moja. Alipomuaga mkwewe alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaubana, akapanda gari. Mama Punje alibaki kizingitini. Sentensi moja ingelisimamisha gari lile, na gari likaondoka.

Alirudi saluni. Wateja waliingia, wakamsalimu, kisha wakasita. Walikuwa wamezoea kumwita Mama Punje, na sasa jina lile halikutamkika, na jingine hawakuwa nalo. Wengine walianza kumwita dada. Anti alimwita "wewe", kwa upole. Yeye alisuka vichwa vya watu kutwa, na nyumbani mumewe alimtendea mema kuliko zamani: alimchotea maji, alimwachia finyango kubwa la nyama, alimwambia mara kwa mara, "Haikuwa kosa lako." Kila aliposema hivyo mkewe aliinuka akakusanya vyombo.

Siku moja alivua aproni mchana kabla ya kazi kwisha, akaenda kwa wifi yake, alikohamia Bibi.

Bibi alikuwa nyuma ya nyumba akianua nguo za wajukuu wake wengine. Alikuwa amekonda. Walisalimiana, wakaketi kwenye ngazi ya jikoni.

"Mama, nami niliona," alisema. "Alipokuwa na kigauni tu. Jasho lilikuwa lilelile. Nilijua si nguo. Nikamfuta."

"Najua."

"Hujui. Sijamwambia mtu."

"Nilikuona. Asubuhi moja uliacha mlango wazi kidogo, umeupa mgongo. Nilikuona unamfuta, unaangalia taulo, unamfuta tena." Bibi aliikunja fulana ya mtoto ndogo ndogo, akaiweka pajani. "Ndiyo siku ile ile niliyoiona midomo. Kila mtu alikuwa na nusu yake."

"Kwa nini hukusema? Mbele ya wote wale, kwa nini ulijitaja peke yako?"

Bibi alifikiri. "Mimi ni mama wa mumeo. Atanikasirikia, lakini mama hapewi talaka. Wewe unalala naye chumba kimoja."

Hakusema kwa ukali wala kwa huruma. Alilisema kama mtu anayeeleza kwa nini aliweka kreti zito chini na jepesi juu. Mkwewe aliinamisha kichwa magotini, na mkono wenye vidole vilivyopinda ukamkaa mgongoni.

Jumapili iliyofuata alimkuta mumewe uani akiosha brashi kwenye kopo la mafuta ya taa, akamwambia yote bila kupamba: jasho, taulo, ukuta, siku ya msiba.

Aliendelea kuosha. Aliminya brashi, rangi ikatoka nyeupe, akaminya tena mpaka mafuta yakatoka safi.

"Mama anajua?"

"Anajua. Alijua siku zote."

"Na siku naongea naye hapa, alikuwa anajua."

"Ndiyo."

Aliweka brashi chini. Akaingia ndani, akavaa shati, akatoka bila kumtazama. Alirudi jua likizama, peke yake, na macho mekundu.

"Amekataa kurudi," alisema. "Hana neno na mtu. Ila nyumba hii hataweza kulala tena ndani yake." Akakaa kwenye ngazi, mbali kidogo naye. Kisha akasema, "Nami nilikuwa hapa hapa. Nyinyi mnaniambia jasho, mnaniambia baridi, mimi natafuta la kuchekesha."

Hawakuachana, ingawa kulikuwa na majuma ambayo mume alilala sebuleni na hakuna aliyejua kama angerudi chumbani. Alirudi. Zile "haikuwa kosa lako" hazikusikika tena, na mkewe aliona nafuu kuishi bila ya maneno yale kuliko kuishi nayo. Mtoto mwingine hawajapata. Wakiulizwa husema bado, na anayeuliza hubadilisha mazungumzo.

Kila siku yake ya mapumziko huenda kumsuka Bibi. Bibi hukaa chini kwenye mkeka, yeye juu ya kigoda, na mlango wa nyuma huwa wazi hewa ipite. Wakati mwingine huzungumza habari za saluni, za kifua chake Bibi, za bei ya sukari. Mara nyingi hawazungumzi. Bibi amerudia kumwita mwanangu, lakini si kila siku.